Nani Atambeba Tukifika Majini? Kijibwa cha Livingstone na Ombi la Mpwa Wangu

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Tabora. Ana miaka 12, na ana kawaida ya kuanza na salamu ndefu: shikamoo mjomba, habari za huko, umekula, mvua zimenyesha? Ombi linakuja mwishoni kabisa, wakati salio la mama yake linakaribia kuisha.

"Mjomba, nimefikiria sana. Nataka mbwa mwingine. Mdogo kama yule."

Hilo neno "mwingine" lilinikata maini. Miaka miwili nyuma, nikiwa namalizia shahada ya uzamili, nilipata hela kidogo ya kazi ya utafiti. Nikaona nimfurahishe mtoto. Nikatafuta mitandaoni, nikampata muuzaji Dar es Salaam, nikanunua kijibwa cheupe chenye nywele za kujikunja, cha kutosha kwenye viganja viwili. Muuzaji alisema kina miezi miwili. Nikakiweka kwenye boksi lenye matundu, nikamkabidhi abiria mmoja ninayemfahamu, basi likaondoka alfajiri. Kilifika Tabora usiku kikiwa hai. Siku ya nne kikafa.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Kiukweli haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu ambayo sikuifanya. Makala hii ndiyo hesabu yenyewe, na nimeichelewesha miaka miwili. Kwa kuwa mimi nasoma historia ya magonjwa ya wanyama, nitaanzia nilikozoea: kwenye karatasi za zamani, na kwenye nyumba moja ya udongo pale Kwihara.

Nyumba ya Kwihara na daftari lililotoka humo

Ukitoka Tabora mjini kuelekea kusini-magharibi, kilomita chache tu, unafika Kwihara. Pale kuna tembe lililojengwa upya ambalo leo ni makumbusho ya Livingstone. Wanafunzi wengi wa Tabora wamewahi kupelekwa pale wakiwa na sare za shule na chupa za maji. Karne ya 19 eneo hili la Unyanyembe lilikuwa njia panda ya misafara: kutoka Bagamoyo wapagazi walitembea zaidi ya kilomita 800 mpaka hapa, kisha njia ikagawanyika, wengine Ujiji na Kongo, wengine kaskazini Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo, kila mmoja na mzigo wa kama kilo 30 begani.

Henry Morton Stanley alifika Kwihara Juni 1871, akakwama kwa sababu ya vita kati ya Waarabu wa Tabora na Mirambo. Februari 1872 akarudi hapo akiwa na David Livingstone, baada ya kumkuta Ujiji. Katikati ya Machi 1872 Stanley akaondoka kwenda pwani, na Livingstone akabaki Kwihara akisubiri wapagazi wapya hadi Agosti mwaka huohuo.

Sasa, Stanley alipoondoka hakuondoka mikono mitupu. Livingstone alimpa shajara yake kubwa, imefungwa na kutiwa lakiri, aipeleke Uingereza. Ilikuwa na maandishi yake tangu mwaka 1866. Watafiti leo wanaiita Shajara ya Unyanyembe, kwa sababu ya mahali ilipotokea. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Horace Waller alihariri maandishi yake ya mwisho na kuyachapisha mwaka 1874.

Krismasi iliyopita nilimpeleka mpwa wangu makumbusho. Tukiwa ndani ya kile chumba cha giza na ubaridi, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, na yeye alikuwa na mbwa?" Sikujua. Nikamwambia nitaangalia. Nilipoangalia, nilitamani nisingeulizwa.

Chitane

Ndiyo, Livingstone alikuwa na mbwa. Jina lake Chitane. Alikuwa pudo, yaani yule mbwa wa manyoya ya kujikunja ambaye leo tunamwona kwenye picha za mastaa akiwa amefungwa utepe. Livingstone anamtaja mara kadhaa, na ukisoma unaona wazi kwamba kijibwa hiki hakikuwa pambo. Kwenye msafara kilikuwa kinakimbia mbele kuangalia walioongoza, kisha kinarudi nyuma kuangalia wa mwisho, kama nyapara. Wakipiga kambi, kilikuwa kinawafukuza mbwa wa kijijini wasisogelee vibanda na kuiba chakula, na chenyewe hakikuiba. Watu wakija kumshangaa mzungu, walimshangaa na mbwa wake pia.

Desemba 1866 Livingstone aliandika jambo ambalo mtu wa sayansi hawezi kuliruka. Aliona nywele za Chitane zinabadilika rangi, mbavuni na shingoni zinageuka nyekundu-njano, rangi ileile ya mbwa wengi wa nchi ile. Yeye aliliandika kama jambo la ajabu tu. Leo tunafahamu njia kadhaa za nywele za mnyama kubadilika hivyo. Jua kali linapausha rangi. Pia rangi nyeusi ya nywele inatengenezwa mwilini kutokana na tirosini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na mnyama akikosa protini ya kutosha, au madini ya shaba, nywele nyeusi huweza kugeuka nyekundu. Na ule ulikuwa wakati wa njaa kwenye msafara. Ilikuwa masika, vijiji havikuwa na akiba ya kuuza, na mbuzi wa maziwa wa Livingstone walikuwa wamepotea. Kama watu walilala njaa, mbwa alikula nini?

Kisha ikaja tarehe 15 Januari 1867. Wakiwa katika nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Zambia, walilazimika kuvuka kinamasi cha mto Chimbwe. Upana wake ulikuwa kama maili moja, yaani zaidi ya kilomita moja na nusu. Maji yalifika kiunoni. Chini kulikuwa na tope laini lenye mashimo, na upande wa pili ruba kibao. Livingstone alitangulia. Vijana wakafuata, kila mmoja akihangaika asianguke na mzigo. Walipofika ng'ambo, Chitane hakuwepo. Alikuwa ameogelea mpaka nguvu zikamwishia.

Livingstone hakumlaumu mtu. Aliandika kwamba kosa lilikuwa lake: alitangulia kuvuka akasahau kutoa agizo kuhusu mbwa. Basi. Sentensi moja ndani ya aya. Na vijana wa msafara, ambao ndio walioishi na kijibwa kile usiku na mchana, wakayapa maji yale jina: Maji ya Chitane. Siku tano baadaye msafara ulipoteza sanduku la dawa, hasara ambayo Livingstone aliihesabu kama hukumu ya kifo chake mwenyewe. Vitabu vingi vinakumbuka sanduku. Wapagazi walikumbuka mbwa.

Wahenga wanasema mbwa hafi maji akiona ufuko. Ni kweli, mbwa wanaogelea vizuri. Lakini methali ina sharti ndani yake: *akiona ufuko*. Mbwa ambaye kichwa chake kiko sentimita chache juu ya maji, katikati ya majani ya kinamasi cha kilomita moja na nusu, hauoni ufuko. Mtu mwenye urefu wa mita 1.7 anauona.

Kinachouma zaidi ni hiki. Pudo ni mbwa wa maji. Jina lenyewe linatokana na neno la Kijerumani la kuchezacheza na kurusha maji. Mababu zake walifugwa Ulaya kwa ajili ya kuingia mtoni kuokota bata waliopigwa risasi. Hata ule mtindo wa kunyoa sehemu za mwili na kuacha mafundo ya nywele kifuani na kwenye viungo ulianza kama kazi, si urembo: nywele zipunguzwe asilemewe na maji, zibaki pale panapohitaji joto. Pudo asiyenyolewa miezi mingi akiingia majini, manyoya yanafyonza maji kama sponji. Kwa hiyo mbwa wa maji alikufa maji, kwa sababu ile huduma iliyomfanya awe mbwa wa maji hakuwa nayo safarini.

Si Chitane peke yake

Usidhani ni udogo tu. Njia hii ya misafara iliwamaliza mbwa wa kila aina. Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo na mbwa mlinzi aliyeitwa Omar. Omar hakuiona Kwihara. Alikufa kwa ugonjwa wa tumbo baada ya kuvuka mbuga ya Makata iliyokuwa imefurika. Mwaka 1874 Stanley akarudi na mbwa watano kutoka Uingereza, wakiwemo wale wakubwa wa kulinda majumba. Hakuna aliyefika naye Bahari ya Atlantiki. Wa mwisho, Bull, aina ya buldogi, alikata roho mwaka 1876 wakati msafara ukielekea kusini, nchi ya Wanyamwezi, akiwa ametembea kama maili 1,500.

Huku mbwa wa wenyeji wakiendelea kuzaa na kulinda mashamba kama kawaida. Kwa nini? Sehemu ya jibu ni magonjwa. Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora ni makazi ya mbung'o, ambao kwetu tunawaita ndorobo. Mwaka 1895, kule Zululand, David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndio wanaosambaza vijidudu vya nagana. Watu wengi wanajua nagana inaua ng'ombe. Wachache wanajua inaua mbwa pia, tena haraka: homa, kuvimba, macho kuwa na ukungu mweupe, kisha kifo. Mbwa ambao mababu zao wameishi na ndorobo, kupe na minyoo kwa maelfu ya miaka ni watoto wa wale walionusurika. Utafiti wa jenomu za mbwa wa Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta alama za uteuzi wa asili kwenye jeni zinazohusika na kinga dhidi ya vimelea vya ukanda wa joto. Yaani yule mbwa koko tunayemtupia mawe ana elimu ndani ya damu yake ambayo mbwa wa kuletwa hana.

Udogo una hesabu zake

Haya sasa, turudi kwenye kijibwa cha boksi.

Udogo wa mbwa wa kupakata una mzizi kwenye jeni. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba jeni inayoitwa IGF1, inayohusika na homoni ya ukuaji, ina tofauti ndogo inayopatikana karibu kwa mbwa wote wadogo. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba tofauti hiyo ya udogo haikutengenezwa na wafugaji. Ilikuwepo tayari kwa mbwa mwitu walioishi zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Wafugaji waliikuta wakaichagua tena na tena, mpaka tukapata mbwa wa kilo 3.

Shida ni kwamba ukimpunguza mnyama, si kila kitu kinapungua kwa kiwango kimoja. Chukua boksi la sentimita 10 kila upande. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 600 na ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,000. Chukua lingine la sentimita 20 kila upande: eneo 2,400, ujazo 8,000. Boksi dogo lina ngozi mara mbili zaidi kwa kila kipimo cha mwili. Kwa hiyo mbwa mdogo anapoteza joto haraka kwenye baridi ya Juni na Julai, na anahitaji mafuta mengi zaidi ya kuendesha injini yake.

Madaktari wa mifugo wana kanuni: chukua uzito wa mbwa kwa kilo, upandishe kwa kipeo cha 0.75, zidisha kwa 70. Unapata kilokalori anazohitaji kwa siku akiwa amelala tu. Mbwa wa kilo 30 anahitaji karibu 900, sawa na 30 kwa kila kilo. Wa kilo 3 anahitaji 160 hivi, sawa na 53 kwa kila kilo. Kitoto cha nusu kilo? Kama 83 kwa kila kilo, na hapo hujahesabu kukua, kutetemeka, wala hofu.

Halafu kitoto hicho kina ini dogo la kuhifadhi sukari na misuli kidogo. Kikikaa saa nyingi bila kula, sukari kwenye damu inashuka. Kinalegea, kinatetemeka, kinaanza kuyumba kama kimelewa, kinapata degedege. Tulimwita daktari wa mifugo siku ya tatu, na alimweleza dada yangu hivyohivyo: safari ndefu bila chakula, minyoo mingi tumboni, na umri ambao kwa kuangalia meno haukuwa miezi miwili. Kilipaswa bado kuwa kwa mama yake. Mimi nililipa nauli ya mzigo. Sikumwambia abiria yule akilishe njiani. Sikutoa agizo kuhusu mbwa.

Sasa unaelewa kwa nini niliposoma ile sentensi ya Livingstone niliifunga kompyuta nikatoka nje.

Mambo ya kuuliza kabla hujatoa hela

Kwa hiyo ukitaka mbwa wa kupakata, awe pudo mdogo, chihuahua, au kile cheupe cha manyoya marefu, kaa chini kwanza ujiulize haya.

*Amekaa na mama yake muda gani?* Kitoto cha aina ndogo kisitoke kabla ya wiki nane, na wiki kumi na mbili ni bora zaidi. Muuzaji asiyetaka umwone mama mbwa, achana naye. Kama kuna safari, mtu amshike mkononi, amlishe kidogo kidogo kila baada ya saa chache, na awe na maji ya glukosi au asali ya kupaka kwenye fizi akianza kulegea.

*Nani atamhesabia dawa?* Hili linaua mbwa wengi. Mbwa wa kilo 3 ana damu kama robo lita tu, haijazi hata chupa ya soda. Kupe wachache ambao mbwa koko anatembea nao bila shida wanaweza kumletea upungufu wa damu, na kupe haohao wanabeba vimelea vya babesia na ehrlichia. Sawa, akina sisi tunakimbilia nini? Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile iliyobaki kwenye kopo. Kosa kidogo la kipimo kwa ng'ombe wa kilo 300 halionekani. Kwa mbwa wa kilo 3, kosa hilohilo ni sumu. Nusu ya kidonge cha jirani si dozi. Dozi inatokana na mizani, kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza daktari ni kama anapima uzito.

*Atakula nini?* Ugali na mabaki ya mezani yanamjaza tumbo kabla hayajampa protini. Tumbo lake ni kama kikombe. Anahitaji chakula kidogo, chenye lishe, mara tatu au nne kwa siku akiwa mtoto. Kumbuka nywele za Chitane. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni hatari kwa mbwa wote, lakini kwa mdogo kipande tu kinatosha.

*Meno, magoti, koo.* Mbwa mdogo ana idadi ileile ya meno 42 kama mbwa mkubwa, yamebanana kwenye taya dogo, kwa hiyo magonjwa ya meno na fizi kuvimba ni shida ya kawaida. Pia ya goti inateleza kirahisi. Bomba la hewa ni laini, ndiyo maana mkanda wa shingoni haumfai, avalishwe mkanda wa kifuani. Kuruka kutoka kwenye kochi kunaweza kumvunja mguu. Mlango ukipigwa na upepo, mwewe akipita uani, mbwa wa jirani akiingia, ni habari nyingine.

*Nywele.* Pudo hapukutishi nywele sana kwa sababu hazidondoki, zinaendelea kukua kama zetu. Bila kuchanwa na kukatwa zinafungamana, unyevu na tope vinakaa ndani, ngozi inaoza na kupe wanajificha. Kule mkoani, mtu wa kunyoa mbwa ni nani? Jibu la kweli mara nyingi ni wewe mwenyewe.

*Chanjo.* Watu wanadhani kichaa cha mbwa ni cha mbwa koko. Virusi havibagui. Mbwa mdogo anachanjwa akiwa na miezi mitatu, na chanjo inarudiwa kama daktari atakavyopanga, kwa kawaida kila mwaka. Kwa kuwa anapakatwa na kulala na watoto, yeye ndiye wa kuchanjwa wa kwanza, si wa mwisho. Chanjo ya parvo nayo usiisahau.

*Majirani wanasemaje?* Hili halimo kwenye kurasa za wazungu, ila kwetu ni kubwa. Tabora ni mji wa Waislamu wengi tangu enzi za misafara. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi huku kwetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa mkubwa wa kulinda anakaa nje, kila mtu anajua mpaka. Mbwa wa kupakata mpaka wake ni upi? Anaingia sebuleni, anamrukia mgeni kwenye kanzu, analamba ndoo. Kama mnaishi nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na bomba moja, uungwana ni kuongea na mwenye nyumba na majirani kabla, si baada ya ugomvi. Dada yangu alinikumbusha hili. Mimi, na shahada yangu, nilikuwa sijalifikiria.

*Na miaka 14 ijayo?* Mbwa wadogo wanaishi muda mrefu kuliko wakubwa, miaka 12 hadi 16 si ajabu. Mtoto wa miaka 12 atakuwa na miaka 26. Atakuwa amepita bweni, chuo, labda ndoa. Mbwa atabaki na nani?

Jibu langu

Kuna watu watasema, basi achukue mbwa koko, mwisho wa habari. Ni wazo zuri na nimempa mpwa wangu. Anavumilia zaidi, na jirani ana watoto wa mbwa wanaotafuta kwao. Lakini nisidanganye: hata mbwa koko anahitaji chanjo, dawa ya minyoo na mtu wa kumkumbuka. Omar na Bull hawakuwa wadogo. Tofauti ni kwamba mbwa mkubwa anakupa muda wa kusahau na kurekebisha. Mdogo hakupi. Ukisahau saa sita, umechelewa.

Ndiyo maana naona swali la Chimbwe ni bora kuliko swali la "utampenda?" Livingstone alimpenda Chitane, hilo liko wazi. Vijana walimpenda, wakayapa maji jina lake. Pale kinamasini upendo ulikuwepo wa kutosha. Kilichokosekana ni jina la mtu mmoja aliyeambiwa: wewe, mbebe.

Nilimpigia mpwa wangu simu nikamsimulia yote, pamoja na ukweli kuhusu kile kijibwa chetu: kwamba haikuwa bahati mbaya, na haikuwa kosa lake, lilikuwa langu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Kwa hiyo alikuwa na njaa?" Nikamwambia ndiyo. Sikuongeza kitu.

Wiki iliyofuata dada yangu alinitumia picha ya karatasi ya daftari, imechorwa jedwali kwa rula. Kushoto kuna kazi: chakula asubuhi, chakula mchana, chakula jioni, kuchana nywele, kuangalia kupe, kumpeleka kwa daktari, kuongea na Mama wa nyumba ya pili, kukaa naye nikienda bweni. Kulia kuna majina. Bibi yake amepewa mchana. Kaka yake amepewa kupe, na ameweka sahihi. Kuhusu aina ya mbwa ameandika "bado tunajadili".

Mstari wa mwisho unasema: kumleta nyumbani. Mbele yake kuna jina langu, na kwenye mabano ameandika "kwa mikono, si kwa boksi".